Kamba za Mwalimu wa Mbio

“Samahani, kaka,” fundi cherehani alimgeukia mwalimu wa mbio kwenye kiti cha basi, “si wewe unayekimbia mtaani kwetu kila asubuhi?”

“Ndiye mimi, dada.”

Kisigino cha mwalimu ndiyo kwanza kinapona. Daktari alimwambia akimbie dakika mbili, atembee tatu, mengine amwachie Mungu. Lakini atatembeaje yeye, aliyewaambia wanafunzi miaka yote kwamba anayetembea ni mvivu? Kwa hiyo kila dakika za kutembea zikifika, huinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

“Nilimwambia mume wangu, huyu kaka wa watu anateswa na kamba! Mlangoni pangu tu kafunga mara tatu.” Akatoa mkobani kamba mpya, alizozisuka mwenyewe. “Hizi hazifunguki ng'o. Hutasimama tena.”

Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alikuwa anaumbuliwa na kamba. Alizipokea kwa mikono miwili, uso umemshuka.

“Ahsante, dada.”

Basi likasimama. Mwalimu akashuka, na kwa kuwa dada alikuwa akimwangalia dirishani, akaanza kukimbia.