Mpaka Jumapili

Fundi bomba alipakata mfuko wake wa spana akijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Hapo mshonaji mmoja, mama wa makamo aliyevimba uso kama mkate ulioumuka, alikuwa akivutavuta utepe wa kupimia shingoni huku akimweleza kijana wa miwani myeusi, asiyemjua hata kidogo, kwamba vidonge vya jicho ameviacha tangu juzi.

“Jicho limepona, mwanangu. Halichomi, halina wekundu. Nimeze vya nini tena? Vimeniumua uso mpaka wateja wananipongeza kwa kunenepa! Jumamosi namwoza binti yangu. Nataka kwenye picha nionekane mimi.”

“Mama, haviachwi ghafla,” kijana akasema. “Vina homoni kama ile inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Ukivimeza muda mrefu, tezi zenyewe zinalala. Vinapunguzwa kidogo kidogo mpaka ziamke. La sivyo unaishiwa nguvu, unashikwa na kizunguzungu, unaanguka.”

“Kwani wewe daktari?”

“Nilikuwa dereva wa basi. Niliviacha kama wewe, macho yakaanza kuchoma upya, na sasa sioni.”

Fundi bomba akasahau dirisha, akageuka kuitazama ile miwani. Mshonaji akauvuta tena utepe wake.

“Pole, baba. Lakini wewe hukuwa na binti wa kuoza.”

“Rudi kliniki leo, mama.”

“Jumapili.”

Basi likasimama. Mshonaji akainuka, akayumba, akadaka bega la fundi bomba kwa kiganja kilicholowa jasho baridi.

“Njaa tu,” akamwambia, kabla hajaulizwa.