Chujio la Kempanna

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya mkahawa wa dada Girija, hapa Bengaluru, katikati ya majengo mawili ya vioo. La kushoto wanauza huduma ya barua pepe za maofisini. La kulia, programu ya kuunganisha simu, barua na mikutano. Kutwa wananyang'anyana wateja, ila saa nne wanagawana kahawa, kikombe kimoja watu wawili. Siku hiyo Kempanna wa jengo la kushoto, tuliyempachika jina Chujio kwa kulisifia mno chujio lao la kuzuia barua za takataka, hakunywa. Bosi kamwambia kiwanda cha hariri kisipokubali kununua leo, kazi hana. Na kiwanda kimya wiki nzima. Lokesh, wa jengo la kulia, akawa anamchokoza.

— Kunywa nusu yako, inapoa. Hariri hiyo nitaivaa mimi.

— Utavaa gunia! Programu yenu konokono.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simu humo, barua humo, mikutano humo! Mwakani bosi akikohoa Mumbai, mhasibu Mysuru anajikuta kasema pole.

— Na chujio letu je? Takataka haipenyi hata moja! Tapeli akiwaza tu kukuandikia, limeshamdaka.

— Akiwaza?

— Akiwaza! Bado anatafuta miwani!

Nikashindwa kuvumilia.

— Mwongo mkubwa wewe! Miwani limeiona wapi?

— Mzee Shivanna, wewe linda geti lako.

Hapo akatokea mama mmoja, sari ya hariri ya kijani, miguu vumbi tupu.

— Samahani wanangu. Kempanna ndiye nani?

— Mimi, mama.

— Mimi Sarvamangala, mwenye kiwanda cha hariri. Nimekuandikia mara tatu kwamba nimekubali. Kimya. Nikaona nipande basi.

Kempanna akatoa simu, akafungua kapu la takataka. Barua zote tatu zilikuwa humo: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Lokesh alicheka mpaka akapaliwa.

— Mama, chujio letu... linakamata takataka tu, alianza Kempanna kwa mazoea ya kazi, kisha akajiuma ulimi. Masikini, nilimwonea huruma.

Mama akaketi kando yake, akaweka mkoba magotini.

— Haya, nieleze mwanangu. Mimi ni takataka ya aina gani?

Hata Lokesh aliinamisha kichwa. Kempanna akamsogezea mama ile nusu yake ya kahawa, imeshapoa. Mama akainywa yote, macho kwake, akingoja jibu.