Kifuniko cha Inès

Kang! Kang! Kang! Mwiko unagonga kifuniko cha sufuria. Sauti inapanda ngazi, na bado hujamwona mtu.

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo Inès Mamani alivyobisha hodi. Alitoka Bolivia, akafanya kazi ya usafi hapa Brussels, na Kiswahili akakiokota kwa majirani wa mtaa wa Chaussée de Wavre. Ametutoka mwezi huu. Inès, mama wa kifuniko.

Kwa nini kifuniko? Kwa sababu asiye na karatasi za ukaaji hafungui mlango kengele ikilia. Na aliyelemewa na mawazo hafungui kabisa. Séraphin, fundi viatu kutoka Bukavu, alikuwa yote mawili. Majira yote ya baridi alilala akitazama ukuta, hadi Inès alipogonga mlangoni kwake.

"Fungula, papa! Polisi anabebaka kifuniko?"

"Ça va, maman. Niko bien."

"Umesema ça va? Bon, leo vyombo ni vyako!"

Hiyo ndiyo sheria ya meza yake ya Jumapili, alipowakaribisha wote kula. Mbolivia, Mkolombia, Mkongo: ukisema ça va, yaani niko salama, unaosha vyombo. Inès alilijua neno hilo. Naye aliwahi kulala hivyo, akimlilia binti aliyemwacha kwao Cochabamba, na kwenye simu akimwambia yote ni mazuri. Kwao, kama kwetu, ukisema akili imechoka unaambiwa: sali, nyamaza. Yeye hakunyamaza! Alitafuta daktari, akapata nafuu, kisha akaanza kupanda ngazi za wengine.

Séraphin aliosha vyombo. Jumapili iliyofuata alirudi. Baadaye Inès alimsindikiza kwa daktari wa akili. Leo Séraphin anashona viatu tena, na anaimba akishona.

Binti yule, Yesenia, alikuja kuishi na mamake. Baada ya mazishi alijifungia. Simu hapokei. Jumapili iliyopita Séraphin alichukua kifuniko kilekile, akapanda.

Kang! Kang! Kang!

Halafu sauti ndogo: "Ça va, tonton."

"Ehee! Vyombo, Yesenia!"

Ndani akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Ufunguo ukazunguka.

Yesenia, na jamaa wote wa Cochabamba, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, fikiri: katika jengo lako, nani anajibu ça va kila siku, na wewe unapita? Panda ngazi zake.

Mlangoni, Séraphin alimwambia Yesenia hivi, kwa sauti iliyofika ghorofa ya chini:

"Mutoto wangu, kila dimanche, kila Jumapili, nitakuya na hii kifuniko. Ukikosa maneno, tutanyamaza wote wawili. Miye muzee, na ngazi ni baridi. Lakini usipofungula, nitaikala hapa mpaka ufungule."