Mkeka Ambao Nyanya Hakuukalia

Jambo hili aliniambia nyanya yangu Anastasie, hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, alasiri yake ya mwisho, mimi nikimnyonyesha mwanangu kando ya kitanda, na kaka yangu Lionel amekaa mlangoni.

«Sikilizeni, batoto yangu, mi sitaweza kurudia. Shamba la kule Lubondja mulilime wote wawili, musiligawe. Lionel, mbuzi ni wako. Lakini kile kipaza sauti nilichohubiri nacho barabarani kila alfajiri, hakuna atakayekirithi. Mukitoe betri, mukiweke chini.

Munamujua jirani yetu Arlette, anayeanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa ameanza kuja kanisani, anakaa nyuma karibu na mulango, na mi nikajivuna kwamba ni mimi niliyemuleta. Kisha mutoto wake Merveille akazama ziwani. Siku ya kilio nilikuta bamama wamekaa kwenye mukeka. Munajua, kwetu muntu anakaa kwanza, analia na mwenye musiba, ndipo anasema. Mi sikukaa. Nilisimama na Biblia mukononi, nikasema ziwa linachukua batoto ya wazazi wasiobatizwa. Arlette akaniangalia, akafunika uso na kitenge. Hakukanyaga kanisa tena. Yesu alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Mi sikutoa hata chozi moja.

Mwaka muzima nimeona moshi wa jiko lake, nikaogopa kwenda. Sasa miguu imekataa. Muntu akiwauliza kwa nini munamutumaini Mungu, mumujibu polepole, kwa heshima. Asipouliza, mumutekee maji. Nadège, we una haya, hausemi sana, ndiyo maana nakutuma wewe. Uende kwake. Ukae chini. Usihubiri. Umwambie… umwambie nilikosa. Mungu awa… awashike mukono. Nipe maji, mama.»

Nilimpa. Alimeza mara moja tu, mengine yakamwagika shingoni.

Alifariki kabla jua halijatoka. Asubuhi hiyo, watu wakiwa bado hawajajaa kwetu, nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Arlette alikuwa anaanika ndagala. Nikakaa chini kwenye mchanga, nikamwambia yote, na kwamba nyanya hayupo tena.

Mikono yake ikasimama.

«Mwaka muzima,» akasema, akitazama ua unaotenganisha nyumba zetu, «alishindwa kuvuka hii lupango?»

Nikachota ndagala kwa kiganja, nikaanza kuanika pamoja naye.