Kengele na Kisima

Ngaa! Mara moja tu, kisha kimya. Sauti ilitoka upande wa shule kuukuu, ikapita juu ya mabati yaliyolala, ikaingia chumbani kwa fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Kisima, ikamkuta macho. Haikufifia polepole kama chuma kinavyofifia kikishapigwa. Ilikatwa, kama mtu aliyeanza kusema akazibwa mdomo kwa kiganja. Kisima aliketi kitandani gizani. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyeipiga kengele ile na kuishika papo hapo isiendelee kulia, na jina la mtu huyo halikuwa limetoka kinywani mwake tangu walipomzika mama yao.

Asubuhi alitoa benchi nje ya kibanda chake kama kawaida, ng'ambo ya barabara kutoka zahanati, na wenzake wakaja kukaa. Mgeni hawezi kukaa hovyo kwenye benchi lile. Lilitoka shuleni siku shule ilipofungwa, na mpaka leo wanalikalia vile vile alivyowapanga Mwalimu. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza na watoto wengi kama siafu, akabuni njia yake: kila mtoto alimpa neno, akamketisha na mtoto mwenye neno la kina kile kile. Mmoja akitaja lake na maana yake, mwenzake ajibu hapo hapo. Light, taa. Night, usiku. Fox, mbweha. Box, sanduku. Maana zikageuka majina, na majina ya nyumbani yakasahauliwa. Ndiyo maana Taa, anayetengeneza redio, hukaa bega kwa bega na Usiku, mwoka mikate, ingawa kwa Kiswahili taa na usiku hata hazisalimiani. Sanduku alishatangulia mbele ya haki, na mahali pake Mbweha, dalali wa nyumba, huweka kofia. Kando ya Kisima pia pana nafasi ya mtu mmoja. Hapo huwekwa birika la kahawa. Hakuna anayeuliza kwa nini, maana wote wanajua.

— Jamani, mliisikia? aliuliza Taa hata kabla hajakaa.

— Asiyeisikia nani? alisema Usiku akimimina kahawa. Mimi nilikuwa nakanda unga. Nikasimama wima na mikono yangu myeupe, nikadhani nimechelewa darasani.

— Mzee mzima!

— Kweli tena. Miguu ikaanza kutafuta viatu vya shule, viatu ambavyo sikuwahi kuwa navyo.

Wakacheka. Kisima hakucheka. Alikuwa na misumari midogo ya viatu imebanwa midomoni, safu nzima, na fundi viatu mwenye misumari kinywani hadaiwi jibu. Asubuhi ile alikuwa ameibana kabla hata ya kushika kiatu.

— Mambo ya kisayansi hayo, alisema Taa. Chuma mchana kinapanuka, usiku kinapoa. Kikipoa kinajikunja, kikijikunja kinalia. Basi.

— Miaka yote hiyo kimekuja kujikunja jana? alidakia Mbweha. Kilikuwa kinaona haya? Mwenda pole hajikwai, Taa.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango. Wewe endelea.

— Wezi hao, alisema Usiku. Wezi wa vyuma chakavu. Ile kengele pale kwenye nguzo ni ringi ya lori, mzigo huo. Wameigonga kwanza wajue ni chuma cha maana au bati tupu.

— Mwizi apige kengele! Basi na anayeiba jogoo amwambie kwanza awike.

— Wewe mwenye akili, sema ni nani.

Mbweha alikunywa funda moja, akaitazama kofia yake, akashusha sauti.

— Ni Mwalimu.

— Mwalimu amekufa, Mbweha.

— Ndiyo nakwambia. Huko aliko amekuta wanafunzi hawajui vina hata kimoja. Kiingereza cha malaika hakina mwisho wala mwanzo. Amerudi kuchukua viranja.

— Na atamchukua nani?

— Asiye na mwenzake. Nyinyi mko wawili, hawagusi. Mimi Sanduku wangu yuko kule kule, amenishikia nafasi. Amebaki...

 Macho ya wote watatu yalitua kwenye birika, kisha yakaruka kama yameungua. Kisima alishindilia msumari kwenye soli kwa nguvu ambayo soli ile haikuihitaji.

Taa, kwa kuokoa jahazi, akauliza:

— Hivi mnakumbuka ilivyokuwa ikipigwa? Mara tatu, mstarini. Mara mbili, nyumbani.

— Na mara moja?

— Mara moja, kila mtu na kina chake!

Walilisema kwa pamoja, sauti tatu za wazee zikapanda kama za watoto, hata mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akageuka. Mara moja ilikuwa kipindi cha Kiingereza. Mwalimu hakusema neno. Aliinua kidole, na mtoto mwenye zamu ya kengele akatoka mbio, akaipiga, akairukia na kuikumbatia kwa kiganja, kwa sababu Mwalimu alikuwa mtu wa kuumwa kichwa na sauti ndefu zilimtesa. Wengine walipiga wakakimbia. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka kila siku kuishika. Ndiyo maana Mwalimu akampa neno lake: Bell, kengele.

— Mimi nawaambia, Wazungu hawakuyafananisha maneno yale bure, alisema Mbweha, sasa amepata moto. Maneno yakifanana mkia, jua yamelala nyumba moja. Knife, kisu. Wife, mke. Life, maisha. Hapo mnayo ndoa yangu nzima, utangulizi mpaka hitimisho.

— Shemeji akusikie!

— Yeye ndiye kisu, atasikia nini? Tena, house, nyumba. Mouse, panya. Nani kawahi kupangisha nyumba isiyo na panya? Mimi dalali, niulizeni. Wanaijua dunia wale. Years, miaka. Tears, machozi.

— Hiyo kweli, alisema Usiku polepole.

— Si nawaambia? Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nacho kimeingia kwa mlango?

— Hicho kwa dirisha. Tena sikilizeni nyingine. Mother, mama. Brother, kaka. Another...

Taa alimkanyaga mguu. Maneno yakafia hapo, lakini yalikuwa yamekwisha kufika yalikokuwa yakienda.

Mama na kaka. Kisima aliinamia kiatu kisicho chake akaona uwanja wa shule, vumbi jekundu, na mkono wa msichana umeushika wake. Dada yake alimzidi miaka miwili. Umri wa shule ulipomfikia, mama akasema, “Mngoje mdogo wako muanze pamoja, atapotea peke yake.” Naye akangoja miaka miwili, akifagia uwanja huku wenzake wakipita na vibao. Walipoketishwa dawati moja, Kisima alikuwa akilisahau neno lake karibu kila siku. Dada alitaja lake, kisha akamngoja. Hakumnong'oneza, hakumfinya. Aliinamisha kichwa upande kidogo, kama anayesikiliza maji chini ya ardhi, akangoja mpaka neno lipande lenyewe. Na kila mara lilipanda.

Mama alipougua, dada alikuwa ameolewa mbali, akawa hatokei. Kisima alimwuguza mama peke yake, akamwosha, akamlisha, na hasira ikamlisha yeye. Mama alipofariki watu walimwambia amsubiri dada walau mpaka kesho yake. Akasema maiti haingoji mtu. Dada alifika jioni, matope mpaka magotini, kaburi limekwisha kufunikwa. Alisema neno moja tu: “Hukuningoja?” Kisima akamjibu kwamba mama hakuwa na binti, na kwamba jina lake halitatajwa tena katika nyumba ile. Dada aligeuka na matope yake, akaenda zake. Toka siku ile mmoja hakumwona mwenzake.

Misumari ilikuwa imeanza kumpa ladha ya damu.

— Shikamooni, wazee.

Alikuwa muuguzi kutoka zahanati ya ng'ambo, binti mwenye viatu vyeupe. Walimjua kwa sura, lakini hakuwahi kufika kijiweni.

— Marahaba, mwanetu, alisema Usiku. Vuta kigoda hicho. Benchi limejaa.

Binti aliitazama nafasi yenye birika, na ile yenye kofia.

— Sikai, babu. Nimeambiwa hapa kuna wazee wanaitana kwa maana za Kiingereza.

— Wambea hao! Nani kakwambia?

— Mlinzi wa ghala. Usiku wa kuamkia leo amemkuta mama mmoja mtu mzima pale shule ya zamani, peke yake, ameikumbatia ile ringi kama mtoto. Akamleta kwetu. Hana jeraha, ila kumbukumbu zimemtoka. Hajui katoka wapi wala kafikaje. Kila mara anarudia kitu kile kile: “Bell, kengele.” Halafu anainamisha kichwa, anangoja. Sisi hatujui anangoja nini.

Kikombe cha Taa kilimponyoka.

— Kengele! Ni Kengele!

— Nilisema mimi! Nilisema si wezi!

— Wewe ndiye uliyesema wezi, Usiku!

— Kengele yu hai, jamani, na kaipiga vile vile, mara moja!

— Wazee wangu, alisema muuguzi akiinua mkono. Kengele nimeshamwita, maana nilidhani ndilo jina. Alicheka tu. Tatizo ni kwamba hataki dawa, hataki maji, na presha iko juu. Nikimwambia, “Bibi, kunywa,” ananijibu, “Mimi nina jina.” Nikimuuliza jina gani, ananitazama kama mtu aliyeweka kitu mahali akasahau wapi. Nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Jina lake hasa ni nani?



— Kengele, alisema Taa, kwa unyonge.

— La kwao, babu. Alilopewa na mama yake.

Taa alimtazama Usiku. Usiku alimtazama Mbweha.

— Usinitazame mimi, alisema Mbweha. Hata lako silijui. Ulipolazwa mwaka ule nilifika getini nikasema nimekuja kumwona Usiku. Wakaniambia usiku hakuna kuona wagonjwa, rudi mchana.

Hakuna aliyecheka, hata Mbweha mwenyewe. Miaka yote ile, harusi na misiba, kahawa kwa ndoo na ndoo, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anaitwa nani. Walitosheka na maana.

Ndipo wakageuka, wote kwa pamoja.

— Kisima, alisema Usiku. Huyo ni wa tumbo lenu.

Kisima alionyesha misumari kwa kidole. Alikuwa na kazi, hawezi kusema.

— Iteme.

Akatikisa kichwa.

— Sikiliza, ndugu yangu, alisema Usiku, na sauti yake haikuwa tena ya kijiweni. Hicho kiapo ulichokula tulikiheshimu. Birika tukaliweka hapo, tukalizoea. Lakini jina unalolifungia kinywani si mali yako. Mama yenu ndiye aliyelitoa. Unamnyima nani?

Mbweha alifungua kinywa atie methali. Alitafuta, akatafuta, akakifunga.

— Yule anakuja, alisema muuguzi ghafla. Mungu wangu, nani kamwacha atoke?

Mwanamke mfupi, khanga imefungwa kiunoni kwa kazi, alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama walivyofundishwa shuleni, akavuka. Muuguzi alimkimbilia, lakini yeye alimpita kama unavyopitwa mlingoti. Hakumsalimia mtu. Alilitazama benchi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama anayetafuta dawati lake, kisha akaenda moja kwa moja kando ya Kisima, akaliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Akaliweka chini, akaketi.

Kiganja chake cha kulia kilikuwa chekundu kwa kutu.

— Bell, alisema. Kengele.

Akainamisha kichwa upande kidogo.

Pikipiki ilipita. Kahawa iliyomwagika ilitafuta njia kati ya mawe. Hakumnong'oneza, hakumfinya. Alingoja, kama ana miaka mingine miwili mkononi.

Kisima alikinga kiganja mdomoni. Akatema msumari mmoja, akatema wa pili, mpaka safu yote ikalala mkononi mwake, imelowa.

— Well, alisema. Akaanza upya. Well, kisima.

Dada yake akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akamsogelea hadi mabega yakagusana.

— Umechelewa leo, alimwambia. Mwalimu kaingia?

— Kaingia.

— Anaita majina?

— Anaita.

— Langu kaliita?

Taa alimshika Usiku mkono. Mbweha aliichukua kofia yake kutoka mahali pa Sanduku, akaishika kifuani. Kisima aliimwaga misumari chini, akakitwaa kile kiganja chenye kutu akakifunika kwa chake, taratibu, kama chuma kilichopigwa sasa hivi.

— Sasa ndiyo analiita, dada. Tunu.