Cheti Kilichotundikwa Usawa wa Kiuno

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Mungu anayetuvumilia. Ndaga fijo, asante sana Mchungaji, kwa dakika kumi ulizonipa. Mnanifahamu, mimi Baba Lusajo wa Mbugani. Nikiachiwa nizungumze bila karatasi, ibada ya leo itakutana na ya Jumapili ijayo. Kwa hiyo nimeandika kwenye daftari, na nitasoma.

Wapo hapa waliotolewa kwenye pombe, wakashuhudia, tukalia nao. Mimi sikuwa mlevi. Bwana amenitoa kwenye uongo wa kuchekesha. Huo ni mgumu kuuona, ndugu zangu, kwa sababu ukiusema watu wanacheka, na wewe unarudi nyumbani ukijiona mtu mwema.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, maji yaliingia nyumbani kwetu. Mke wangu alikuwa chumba cha nyuma na Lusajo, ambaye bado alikuwa wa kubebwa. Mlango wa chumba kile ni wa mbao. Ulilowa, ukavimba, ukagoma kufunguka. Nilipouvunja kwa shoka nilimkuta mke wangu amesimama juu ya kitanda, mtoto mabegani, maji yanamfika magotini. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Umechelewa."

Maji yalipotoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani, usawa wa kiuno changu. Sikutaka kuutazama. Nilianza kupanga vitu mbele yake, na nilipoanza kupanga sikuacha. Ndugu zangu, nilikuwa na baiskeli tatu zisizo na magurudumu, na magurudumu manne yasiyo na baiskeli. Redio zilizokufa zilitosha kufungua kituo cha matangazo. Halafu madaftari. Wengi mnajua nilisoma masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye mvi, hadi nikapata cheti cha kidato cha nne. Sikutupa daftari hata moja. Yalifika dari. Mgeni akiuliza, nilimwambia bati linashikiliwa na jiografia.

Mwaka juzi mke wangu aliweka sahani mezani, akasema, "Gwe, Baba Lusajo. Masika mengine ya chumba kile siyataki. Tuuze, tukajenge kule juu kwa dada yangu." Dada yake anakaa kwenye mwinuko, barabara ya kupandia Tukuyu. Nikakubali. Nyumba ikiuzwa tunahama. Isipouzwa tunabaki na maji. Ilikuwa hivyo tu.

Mama Lusajo ana akili kuliko mimi na cheti changu. Alisema mnunuzi hawezi kupenda nyumba asiyoiona, na yetu ilikuwa imezikwa. Tukapanga kila Jumamosi tutoe kidogo. Jumamosi ya kwanza nilitoa gurudumu moja. Ya pili nililirudisha. Ya tatu mke wangu alisimama mlangoni mikono kiunoni, yakatoka yote manne na baiskeli zake. Redio zilichukuliwa na fundi mmoja, akanishukuru kama niliyempa shamba la kakao. Sebule ilipobaki na viti vinne na meza tulisikia sauti zetu zikirudi kutoka ukutani. Lusajo aliingia akauliza kama tumeibiwa.

Tulipaka krimu sebuleni. Tukabadilisha mapazia. Mke wangu akapanda maua kwenye makopo ya rangi tuliyomaliza. Nawaambieni ukweli, nyumba ilipendeza hadi nikaanza kuvua viatu mlangoni, mimi ambaye nilikuwa naingia na matope ya shambani hadi kitandani.

Kikabaki chumba cha nyuma. Tulitoa madaftari siku nzima. Yale ya chini yalikuwa yameshikana, yamekuwa tofali moja. Na nyuma yake mstari ulikuwa unatungoja, uleule.

Mke wangu alikaa kitako juu ya rundo la madaftari.

Nikasema, "Utapotea kwa rangi."

Akasema, "Sijasema upotee."

Nikajifanya sikusikia. Nilipaka rangi ya maji mara mbili. Wiki ile ile mstari ukarudi. Nikapiga msasa, nikapaka tena. Ukarudi. Nikaita fundi, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Mzee, ukuta huu umekunywa maji. Hapa ni kubandua plasta." Nikamwambia weka rangi ya mafuta. Akaweka. Mstari ulikubali kufa ukuta wote isipokuwa sehemu moja, upana wa sinia. Hapo rangi ilivimba kama chapati jikoni, na kahawia likachungulia. Nikachukua cheti changu sebuleni, kikiwa ndani ya fremu yake, nikakitundika hapo hapo, usawa wa kiuno.

Mama Lusajo akakitazama. "Hicho umemtundikia nani? Kuku?"

"Watoto," nikasema. "Wakisoma wapate moyo."

"Mtoto tuliye naye anakizidi kwa kichwa," akasema, akaenda kuinjika chai.

Ndugu zangu, ndipo akaja Bi Zuhura. Anauza vitenge sokoni, wengi mnamjua, mwanamke wa maneno machache. Alizunguka nyumba, akagusa madirisha, akapenda. Tulipofika chumba cha nyuma akaniuliza, "Baba Lusajo, maji yanafika huku?"

Swali lilikuwa fupi na jibu lake lilikuwa fupi. Mimi nikasema, "Maji? Dada yangu, hata ya bomba yanafika hapa kwa kubembelezwa." Akacheka. Nikaongeza neno moja la bomba, nikaongeza la ndoo, akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Hakuuliza tena. Nilipogeuka nikamwona mke wangu mlangoni. Yeye hakucheka.

Bi Zuhura akatoa futi kamba kwenye mkoba, akapima. Akasema, "Kitanda cha mama kitakaa hapa. Miguu yake haifanyi kazi tena, chumba hiki kiko karibu na choo." Alisimama mbele ya cheti changu aliposema hivyo. Akaahidi kumleta mama yake Alhamisi ajionee. Akiridhika, wanachukua.

Siku zile chakula kilinishinda. Nikila wali wa mpunga mpya na samaki nilioupenda tangu utoto, naona mlango uliovimba. Ndani yake namwona mtu asiyeweza kupanda juu ya kitanda kwa sababu yuko juu yake tayari na hawezi kutoka. Mimi niliyakimbia maji yale, na nilikuwa namkabidhi mwenzangu maji hayo hayo pamoja na funguo. Nilimwomba Mungu aniondolee wasiwasi. Nilimwomba hivyo kwa bidii, ndugu zangu, na hakuniondolea. Leo namshukuru kwa kuninyima.

Alhamisi walikuja kwa bajaji. Vijana wawili wa dukani wakambeba mama kwenye kiti cha plastiki, wakamweka katikati ya chumba cha nyuma. Mama mwembamba, msafi, kanga zimepigwa pasi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akatazama huku na huku. Halafu akaomba wamsogeze ukutani. Wakamsogeza. Akatoa miwani kwenye pindo la kanga akaanza kusoma cheti changu, taratibu, somo kwa somo.

"Ni chako hiki?"

"Changu, mama. Nilisoma masomo ya jioni."

"Ukiwa na umri gani?"

Nikamwambia.

Akavua miwani akanitazama. Akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Na umekitundika vizuri. Nyumba zote ninazopelekwa, picha na vyeti viko huko juu kwa watu wanaosimama. Sisi tuliokaa tunaonyeshwa kuta tupu. Wewe umetukumbuka."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi hapa, na Mchungaji anajua ninavyoitikia kwa sauti kubwa kuliko spika. Siku ile sikuwa na sauti. Yule mama alikuwa anautazama uongo wangu kwa macho, karibu pua iuguse, na ananibariki kwa ajili yake. Utani ulinijia mdomoni kama kawaida. Nilikuwa nao tayari. Nikafumbua mdomo kuusema, haukutoka. Hapo ndipo naamini Bwana alinishika.

Nikainua mkono nikakitoa cheti.

Rangi iliyovimba ilikuwa imepasuka. Kahawia lote lilikuwa nje. Nikasema, "Mama, maji yalifika hapa. Mlango huu ulivimba ukakataa kufunguka. Mke wangu alikuwa ndani na mtoto."

Vijana wakatazamana. Bi Zuhura alikuwa amesimama dirishani, futi kamba mkononi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanichekesha."

"Nilikuchekesha, dada yangu. Nisamehe."

Alikunja futi kamba yake, akaiweka kwenye mkoba, akawaambia vijana wambebe mama. Walipofika mlangoni yule mama akawasimamisha kwa kiganja. Akaniambia, "Kirudishe cheti chako. Ila sogeza pembeni kidogo." Kisha wakaondoka na bajaji yao.

Sasa mnataka niwaambie kwamba kesho yake alikuja mnunuzi mwingine na gunia la fedha. Nami ningependa kuwaambia, mnanijua. Hakuja mtu. Bi Zuhura alipata nyumba nyingine, upande ulioinuka, na habari za chumba chetu zilimaliza soko zima kabla ya adhuhuri. Watatu walikuja baada ya hapo. Wote niliwaanzishia chumba cha nyuma, na wote walikumbuka shughuli zao ghafla.

Nilikaa na mke wangu uani nikamwambia nimekuharibia kule juu. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Siku ile mlango ulipovunjika nilikuambia umechelewa. Alhamisi hukuchelewa." Akaendelea kupepeta. Kwa mwanamke yule hiyo ni hotuba ya saa mbili.

Masika yakaja, haya yaliyopita. Maji yaliingia asubuhi tukinywa chai. Safari hii yaliishia magotini. Na kwa sababu nyumba ilikuwa tupu, ndugu zangu, tulikuwa na vitu vichache vya kuokoa: viti juu ya meza, magodoro juu ya viti, Lusajo mgongoni kwangu ingawa ni mkubwa sasa na alikuwa anaona aibu. Kwa dakika chache tulikuwa barabarani, wakavu kuanzia magotini kwenda juu. Zingekuwepo zile baiskeli na yale madaftari, leo mngekuwa mnanishuhudia ninyi.

Maji yalipotoka nilirudi nikiwa na koleo. Chumba cha nyuma kilikuwa na tope lenye unene wa kiganja. Nilisimama pale kitanda cha yule mama kingekuwa. Mlango ulikuwa umevimba tena. Nililazimika kuusukuma kwa bega. Nilipiga magoti kwenye tope hilo hilo, nikashukuru. Sijui nilitumia maneno gani. Najua sikumchekesha Mungu.

Nikiwa bado nachota tope nikasikia hodi. Bi Zuhura, ameshika viatu mkononi, gauni limepandishwa, na nyuma yake kijana mwenye chupa ya chai na hotpoti ya vitumbua. Hatukuwa tumeongea tangu Alhamisi ile. Alitazama ukuta, akatazama mlango, akatazama tope.

Mwishowe akasema, "Mama anakusalimu. Anauliza kama cheti kimepona."

Nikamwonyesha. Kilikuwa pembeni ya mstari, pale alipoagiza, kikavu. Maji yaliishia shubiri mbili chini yake.

"Mwambie kimepona," nikasema. "Mwambie kinamsubiri aje akague."

Akacheka, kidogo tu. Safari hii sikuwa nimemficha kitu.

Ndugu zangu, Mungu amenitoa mbali, na mimi ni mtu mzito kutolewa, muulizeni fundi rangi. Kama kuna mmoja wenu aliyetundika kitu mbele ya mstari wake, nakusihi umwamini huyu Bwana, ukitoe ukiwa bado unaweza. Atakushika mdomo hapo hapo utakapotaka kutania.

Nyumba bado inauzwa. Ina sebule ya krimu, maua kwenye makopo, na mke wangu bado anatazama kule juu. Atakayependa kuiona anifuate baada ya ibada. Tutaanzia chumba cha nyuma. Utukufu wote ni wake Kyala, Mungu wetu, sasa na siku zote.