Mwalimu Evodia Paskali Ntandu (1970–2025) na Maneno Madogo ya Kiingereza

Mwalimu Evodia Paskali Ntandu, tunayemzika leo hapa Issuna, alizaliwa tarehe 12 Machi 1970, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Paskali Ntandu na Bibi Marietha. Mdogo wake alikuwa mmoja tu, Christopher.

Alisoma shule ya msingi kijijini hapa kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari, na mwaka 1992 akaingia chuo cha ualimu kusomea Kiingereza. Kila likizo alimfundisha Christopher, ambaye aliishia darasa la saba. Alimpa vitenzi, kimoja kimoja, naye akavikariri akichunga ng'ombe. "Go" ni kwenda, "take" ni kuchukua, "keep" ni kuweka.

Mwaka 1993 Christopher alikwenda Sekenke kuchimba dhahabu. Tarehe 19 Agosti, akiwa na miaka kumi na tisa, alifika kwenye shimo la zamani lililofunikwa kwa mbao. Kibao kiliandikwa "Keep away from this cover", yaani kaa mbali na mfuniko huu. Mchimbaji mwenzake, Andrea, ndiye aliyeleta mwili nyumbani, naye akaeleza: "Nilimuuliza kibao kinasemaje. Akasema, keep ni kuweka, dada ndiye amenifundisha. Akaweka mzigo wake pale juu, na yeye akakaa." Mbao zilikatika.

Evodia, mama yangu mimi ninayesoma wasifu huu, hakulia mbele za watu. Alisema maneno ambayo tumeyasikia nyumbani miaka yote: "Nilimpa kitenzi, nikamnyima yaliyobaki."

Alianza kazi Januari 1995 katika sekondari moja wilayani Iramba, na mwaka 2006 akahamia shule ya kata karibu na Mkiwa. Miaka ishirini na tisa alifundisha jambo hilo hilo: kitenzi cha Kiingereza hakijamaliza kusema mpaka uone kinachokifuata. "Run" ni kukimbia, lakini "run away from" ni kutoroka, na "run out of" ni kuishiwa. Wanafunzi hakuwaacha wakariri, aliwasimamisha watende. Mwaka 2009 alimwambia binti mmoja, Witness, "Walk slowly out of the room." Witness akatoka darasani polepole, akasimama nje mpaka kengele ikalia. Alipoulizwa akajibu, "Mwalimu, hukuniambia nirudi ndani." Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Mara alizocheka hivyo ninaweza kuzihesabu.

Darasa lilikuwa na watoto tisini, na matokeo yalikuja mabaya mwaka baada ya mwaka. Yakitoka, alikaa nayo jikoni peke yake. Mwaka 2014 mimi, Rebeka, binti yake wa kumzaa, nilipata F ya Kiingereza. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Basi nimemfundisha nani?" Afadhali angenigombeza.

Tarehe 14 Septemba 1996 alifunga ndoa na Nathanaeli Hango, mkulima wa alizeti wa Mkiwa, wakajaliwa watoto wawili. Baba aliwahi kumuuliza kwa nini Waingereza husema mtu huanguka ndani ya mapenzi. "Ndivyo wanavyosema," akamjibu. "Wewe kapalilie alizeti."

Tarehe 8 Februari 2024, akiwa anafundisha Kidato cha Pili, chaki ilimponyoka mkononi. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitali mjini Singida wiki sita, akarudi nyumbani upande wa kulia ukiwa umekufa. Alibaki na majina ya watu na vitu, na vitenzi vichache. Maneno madogo yaliondoka yote: kwenye, kutoka, kando, mbali. Alisema "leta, maji", akahangaika kutafuta kinachofuata, asikipate. Kinyaturu, lugha yake ya kuzaliwa, nacho kilikatika vivyo hivyo.

Mwezi Julai mwaka huu alinishika mkono, akasema, "Weka. Christopher."

Nikamuuliza, "Tukuweke kando ya Christopher, mama?"

Akatikisa kichwa, lakini kichwa chake kilikuwa kikitikisika muda wote.

"Mbali naye?"

Akarudia, "Weka. Christopher," akalia. Sikujua kama anazungumzia kaburi, au picha ya mdogo wake, au siku ile ya Sekenke. Niliuliza kila namna niliyoweza. Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alifariki bila kutuambia. Leo tunamlaza kando ya mdogo wake, na hatujui kama ndicho alichoomba.

Ameacha mume, Mzee Nathanaeli Hango, watoto wawili, Rebeka na Enock, mjukuu mmoja, Asnath, na mama yake mzazi, Bibi Marietha, ambaye asubuhi hii tulipomnyanyua kwenye mkeka alisema, "Nilizaa wawili wanizike. Sasa nyie niambieni, atakuja nani?"

Mungu ampokee mwalimu huyu aliyechoka, na apumzike kwa amani.